Nani Ameishika Diski?

Diski ilikataa kutoka. Kaltuma aliandika tena amri ya umount, ile ya kuiaga diski kabla ya kuichomoa, akabonyeza, na kompyuta ikamjibu vilevile: inatumika.

"Yatumika na nani?" akauliza Bi Shahida, buibui lishakaa mwilini, safari ya Mambrui yamngoja. Ndani ya diski mlikuwa na sherehe ya kupamba ya bintiye: wanawake peke yao, vichwa wazi, viuno vikinenguka. Simu zote zilizuiwa mlangoni. Malindi nzima ilimwamini Kaltuma kurekodi sherehe hizo kwa sababu moja tu: hakuna jicho la mwanamume lililowahi kuziona.

"Hebu ing'oe, mwanangu, nende zangu."

"Haing'olewi hivyo, Bi Shahida. Ukiichomoa nayo iko kazini, harusi yote yaweza kupotea. Sharti iagwe kwanza."

"Basi kuna mtu yuwaitazama."

Bi Shahida aligeuza shingo polepole kuelekea chumba cha pili. Huko alikuwa Swafwan, mumewe Kaltuma, na kompyuta yake iliunganishwa kwa waya na hii, ikiona kila kilichomo. Neno moja la Bi Shahida mjini, na kazi ya Kaltuma ya miaka sita imekwisha.

"Swafwan! Wafungua nini humo?"

"Kalenda ya madrasa! Siku ya tatu hii naipanga."

"Na wacheka nini?"

"Sicheki, nakohoa!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Shahida akanong'ona.

Kaltuma, huyu huyu aliyesema diski haing'olewi, aliingia chumbani akachomoa ukutani waya wa umeme wa kompyuta ya mumewe. Kioo cha Swafwan kikawa cheusi. Siku zake tatu zilikwenda na maji.

Kaltuma akarudi, akaandika amri. Inatumika.

"Kuna amri nyingine," alisema, akianza kuiandika. "Hii humtaja aliyeishika, hata awe nani."

"Na imtaje," akasema Bi Shahida, akivaa miwani. Swafwan naye alikuja kusimama nyuma yao, mikono kifuani.

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Aliyeishika diski ni lile dirisha jeusi alimokuwa akiandika amri zake, lililoingia ndani ya diski tangu asubuhi na halijatoka, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, jina la aliyelifungua: kaltuma.