Mgeni wa Kinyozi

Wembe ulipofika chini ya kidevu cha Mbaruku, ulisimama. Kwenye kioo alimwona kinyozi wake, Shekue, akiurudisha mezani taratibu na kushika ukingo wa kiti. Tangu mwaka jana, Shekue alipoanguka kutoka kwenye ngazi akagonga kichwa, moyo wake huanza kwenda mbio bila sababu. Madaktari wameupima wakachoka, hawaoni kitu. Wateja nao, kwa kuogopa wembe wake, wamehama mmoja mmoja.

"Mgeni wangu kaja," Shekue alisema, kama mtu aliyesikia hodi mlangoni. "Siku hizi simfukuzi. Nikimfukuza ndiyo anakaa sana."

"Mkaribishe, ndugu yangu," Mbaruku akajibu, povu likimkaukia mashavuni. "Mimi sina haraka."

Shekue akafumba macho, akawa anavuta pumzi polepole, mfano wa mwenyeji anayemsikiliza mgeni msumbufu mpaka amalize. Mbaruku alijiuliza kama yeye angeweza kusimama vile, kifua kinamdunda, asimlalamikie mtu.

Hatimaye kinyozi alifumbua macho, akalowesha brashi, akampaka povu jipya. Akauchukua wembe, akasubiri.

Mbaruku akalaza kichwa nyuma, shingo wazi.