Kalamu ya Daktari

Tangu asubuhi, pale kwenye kibaraza cha duka anapolala Mzee Chande, Tunu wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuwa akimsihi: "Leo usijikaze, baba. Ukijikaza, posho ya walemavu utaisikia kwa wenzako."

Sasa, wakiwa wameketi hospitalini, daktari aliuliza, "Mgongo unakusumbua?"

"Kidogo tu, mwanangu," akajibu mzee, aliyebeba magunia sokoni miaka thelathini.

Tunu akauma midomo. Daktari akainamia fomu, lakini kalamu ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni pa mzee.

"Acha, nitaiokota mwenyewe."

Mzee alikuwa ameshainama. Wakamsubiri ainuke. Hakuinuka.

Kutoka chini ya meza ukachomoza mkono, umeshika kalamu.

"Ipokee, mwanangu," ilisema sauti ya mzee. "Endelea kuandika."