Jina la Baba Mkwe

"Mashine itazima tena sasa hivi," fundi alisema. "Nitajie jina moja tu ambalo hutaki lipotee, tulihamishe kwanza."

Nyakerario alisogeza kiti karibu na kioo.

Kompyuta hiyo kuukuu ilikuwa ya marehemu mumewe, na anwani zote alizihifadhi yeye. Baba mkwe alikuwa Marekani kwa wanawe, masikio yamezeeka, simu hasikii tena. Barua pepe ndiyo iliyobaki. Lakini mwanamke wa Kisii hatamki jina la baba mkwe wake, hata nyumba ikiwaka moto.

"Mama, jina."

"Ni la baba yake bwanangu."

Fundi, mama wa makamo wa hapo Keroka, akashusha sauti. "Basi hatulitaji. Tutashuka na orodha, wewe unionyeshe."

Majina yalipanda kwenye kioo. Feni ilikoroma. Kidole cha Nyakerario, cheusi kwa utomvu wa majani chai, kilitua juu ya mstari mmoja kikabaki hapo.

Fundi alibofya bila kusoma. Anwani ikavuka hadi kompyuta mpya ya pembeni, na kioo cha zamani kikawa giza.

"Huku mwandike vile unavyomwita," alisema, akimsogezea kompyuta mpya.

Nyakerario alishusha pumzi, akaandika: Baba.