Mstari wa Chaki

Baba alisoma blogu yangu kwenye simu akiwa nyuma ya cherehani, miwani imemshuka puani. Nilikuwa nimeandika juu ya marehemu mama, nikataka maoni yake kabla sijaiweka hewani.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Ila hapa pamepwaya."

Akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora mstari juu ya kioo cha simu, chini ya maneno: *Mama hakuwahi kununa.*

"Baba, hiyo ni simu."

"Nilimshonea gauni la harusi ya dada yake, likambana kiunoni. Hakunisemesha wiki nzima, na akalivaa hivyo hivyo. Huyu uliyemwandika simjui. Fumua."

Nikacheka, nikasogeza maandishi. Mstari wa chaki ukabaki palepale kwenye kioo, sasa uko chini ya sentensi nyingine: *Tangu tumzike, baba hamtaji kabisa.*

Aliisoma polepole. Nikanyoosha kidole nifute chaki, akanishika mkono.

"Na hapa fumua," alisema, akasukuma pembeni suruali ya mteja. "Vuta kiti. Lile gauni lilikuwa la kijani."