Jumamosi ya Mikono

Kila Jumamosi, kwa sheria, mtambo unaorusha ndege za familia huzimwa, na wenye ndege huzirusha kwa mikono yao. Tumwimbike alikuwa ameshika usukani, akirudi Tukuyu na mumewe, upepo ukiwasukuma kwa nyuma.

"Punguza mwendo, mama Sekela. Mashamba ya chai yanakimbia mno," mumewe alisema akitazama chini.

Akapunguza. Mabawa yakaanza kutetemeka, ndege ikikaribia kuanguka.

"Ni upepo unaotubeba," Tumwimbike alisema. "Bawa halijui mashamba, baba Sekela. Linajua hewa tu."

Akainamisha pua ya ndege kuelekea kule kule chini alikokuogopa. Ndege ikaongeza kasi, ikatulia.

Jumapili mtambo ukawashwa. Walipopaa tena, ukamuuliza kwa upole mbona bado ameshika usukani.

Tumwimbike hakuuachia.