Titus Aliyekula Ulaya

Mbwa alimbwekea Titus kwa hasira, kisha akamwendea dereva akimtikisia mkia.

"Masikini hujuana kwa harufu," Titus alisema, akacheka peke yake.

Dereva, jina lake Wanyama, alikuwa ameshafika nyuma ya gari. Alifungua buti, akatoa soda, sukari na mikate, akavipeleka jikoni bila kuuliza jiko liko upande gani.

Titus alikuwa amerudi kutoka Ulaya, na leo alifika Bukura kumposa Navalayo, binti wa Mzee Osundwa. Mzee alikuwa amempenda kabla hajamwona. Mtu wa Ulaya, nani asiyemtaka? Gari na dereva alitafutiwa na Navalayo mwenyewe, tena akapewa mawaidha kwa simu.

"Baba hana maneno mengi. Jibu lake atalitoa mezani. Na hapendi mtu mlafi. Kipande cha kwanza akikupa, mgawie mwenzako."

Mezani! Titus nusura aruke kwa furaha. Angeambiwa aingie kwenye miwa na panga angeumbuka mchana kweupe, lakini mezani ndiko kwao. Mtu aliyekula Lyon, akala Bologna, akala Lisbon, na kila sahani akaipiga picha kabla ya kuigusa, angeshindwaje na mzee mmoja wa Bukura?

Sebuleni, Mzee Osundwa alimtazama Wanyama kwa jicho la kumtoa mtu mlangoni. Akameza maneno yake. Dereva wa mgeni naye ni mgeni, na mgeni hafukuzwi chakula kikiwa motoni. Titus alidhani ni yale matope kwenye viatu.

Basi akaanza kuwasomesha. Akaeleza vitunguu vya kusini mwa Ufaransa, vitamu hata unaweza kuvitafuna kama tunda. Akaeleza jibini ya kule Bologna, inayowekwa miaka miwili ndipo iliwe.

"Miaka miwili?" akauliza Chrispinus, mdogo wake Mzee Osundwa. "Kwani mwenyewe alikuwa amesafiri?"

"Ni ufundi, mzee. Hata konokono nimekula, kwa siagi na kitunguu saumu."

"Pole. Huko hakuna kuku?"

"Wapo. Lakini wao wanalazwa kwenye mvinyo usiku kucha."

"Wakiwa hai?"

Titus alitabasamu kwa huruma. Akasimulia hoteli moja ya Lyon ambako sahani ni pana kama ungo, na katikati wamekuwekea kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba.

"Na unashiba?" Chrispinus akauliza.

"Kushiba si shabaha. Huo ndio ustaarabu."

"Sasa mkitoka hapo mnaendanga kula wapi?"

Wanyama alikohoa ndani ya kiganja.

Chakula kikaingia: obusuma, ugali wa kwao, ukitoa moshi, mboga za mrenda, na kuku wa kienyeji aliyejaa sufuria. Titus akasimama juu ya kiti kukipiga picha vizuri. Akaonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akafumba macho.

"Si mbaya. Umekosa majani ya rozmari tu."

Mama Rosebella, mke wa Mzee, aliyemlea kuku huyo tangu kifaranga, alisimama mlangoni akamwangalia mgeni huyu kuanzia kichwani hadi miguuni. Nyuma yake Navalayo alijiziba mdomo kwa leso.

Mzee Osundwa akatia kijiko sufuriani, akatafuta polepole, akaitoa imondo, ile firigisi ya kuku, nzima bila kukatwa. Akaiweka kwenye sahani ya Titus kwa mkono wake mwenyewe. Sebule nzima ikamgeukia. Hata Chrispinus aliacha kutafuna.

Titus aliitazama. Ngumu, ya kahawia, imejikunja. Ulaya alishawahi kuandika mtandaoni kwamba vya tumboni ni chakula cha paka. Hapo hapo akakumbuka mawaidha ya simu. Ah, Navalayo! Binti mwenye akili kama huyu lazima aolewe.

Akaichoma kwa uma, akaihamishia kwenye sahani ya Wanyama.

"Kula, bwana dereva. Mimi nimekula vya kutosha duniani."

"Umempa?" Chrispinus akauliza.

"Nimempa."

"Hukulazimishwa na mtu?"

"Kwa moyo mweupe, mzee. Mbele yenu nyote."

Wanyama hakungoja. Aliila akimtazama Mzee Osundwa machoni, akaitafuna mpaka ikaisha, akameza.

Mzee Osundwa alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Kaka, wewe ndiye uliyeitoa," Chrispinus alisema taratibu. "Na aliyekula imondo ndiye mkwe, hairudi kwa sufuria. Wewe ulimfukuza huyu kijana Pasaka alipokuja kumposa Navalayo. Leo mgeni wako amekurudishia yeye, tena kwa gari."

Mama Rosebella akapiga vigelegele hadi mbwa akaitikia nje.

Navalayo akaingia, akapiga magoti kando ya Wanyama kumnawisha mikono. Kisha akamgeukia Titus, akamchagulia paja nono, akamwongezea na mchuzi.

"Kula, shemeji."