Karani Apimwa Upya

"Mizani ya zahanati ina chuki na mimi," alisema Rehani, karani wa ushirika, tumbo likimtangulia kuingia ofisi ya kijiji.

Mezani, Veronika, mtafiti kutoka Chuo Kikuu, alikuwa amelaza kadi mbili. Ya zahanati ilisema: Rehani, kilo tisini na nne. Ya mali ya kaya ilisema: Rehani, jembe moja, kuku hana. Veronika alikuja mwaka ule wa 1975, katika kijiji hiki cha ujamaa kilicho mlimani juu ya Mkuyuni, kuoanisha kadi hizo nyumba kwa nyumba, aone kama unene unafuata kipato. Kote ulifuata, isipokuwa kwa Rehani.

"Jembe moja halileti tumbo hili," alisema Maneno, mwenyekiti wa kijiji. "Ndugu karani, unakula wapi?"

"Ni maumbile, Ndugu Mwenyekiti. Hata marehemu baba alikuwa hivi."

"Baba yako nilimzika mimi. Alikuwa kama mpini wa hilo jembe lako."

Waliojazana dirishani waliangua kicheko. Mmoja akatamka neno kupe, jina la wanyonyaji wa jasho la wengine, na kicheko kikakatika. Kamati ya kijiji ilikuwa imekwisha kuamua: uzito ule ukithibitishwa, Rehani anarudisha funguo za ghala na kesi yake inakwenda mjini. Kutoka huko, wengi huishia kulima shamba la magereza Kingolwira.

Rehani alifunga vifungo vya koti.

"Nipimwe upya," alisema. "Tena si kwa kile chombo cha wafadhili kule zahanati. Nipimwe kwa mizani ya wananchi, ile ya ushirika. Hadharani."

Maneno alitafuta kasoro katika hoja hiyo, akakuta ni siasa safi. Akakubali.

Wakahamia ghalani, kijiji kizima nyuma yao. Mizani ilikuwa pale Rehani anapowapimia wakulima maharage kila msimu, jukwaa lake la chuma likiwa limeng'arishwa na magunia.

"Shikamoo, Bi Mwajuma," Rehani alimwamkia bibi aliyesimama mbele kabisa.

"Marahaba. Panda, tukuone."

Alipanda na viatu vyake, koti, na fungu zima la funguo. Veronika alisogeza kipimo, akakirudisha nyuma, akakirudisha tena. Akainama kuhakikisha.

"Kilo sitini na moja."

"Pamoja na viatu!" Rehani alishuka kwa madaha. "Andika, dada. Andika vizuri."

Veronika aliandika. Maneno alijikuna kidevu. Kesi ilikuwa imemfia mikononi.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwajuma alimkagua Rehani kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, bila haraka, kisha akaigeukia mizani.

"Mjukuu wangu," alisema, "kama wewe ni kilo sitini na moja, maharage yangu yalikuwa kilo ngapi?"